Siku Kati ya Kutangazwa na Kuapishwa

Hotuba iliyotolewa Kampala mbele ya mawakala wa uchaguzi, wanahabari na wanafunzi wa sheria

Bwana Mwenyekiti, wazee wetu, akina mama, mawakala wa vyama vyote mliofika, wanahabari, na ninyi wanafunzi wa sheria mliojazana kule nyuma, hamjambo.

Nianzie Addis Ababa, Alhamisi ya Januari 17, 2019. Wakuu wa nchi za Afrika wamekaa kikao cha dharura juu ya uchaguzi wa Kongo. Tume ya uchaguzi ya Kinshasa imeshamtangaza Félix Tshisekedi kwa asilimia 38.57, na Martin Fayulu amepewa 34.8. Kanisa Katoliki, lililokuwa limetawanya waangalizi wapatao 40,000, linasema hesabu zake haziendani na za tume. Faili za matokeo zilizovuja zinampa Fayulu karibu asilimia 60. Usiku ule Umoja wa Afrika ukatamka maneno ambayo haujazoea kuyatamka: kwamba una mashaka makubwa, kwamba matokeo ya mwisho yasitangazwe kwanza, na kwamba ujumbe wa Paul Kagame, mwenyekiti wa Umoja wakati ule, na Moussa Faki, mwenyekiti wa Kamisheni yake, utakwenda Kinshasa. Safari ikapangwa Jumatatu.

Mahakama ya Katiba ya Kongo ikatangaza usiku wa kuamkia Jumapili.

Jumatatu hakuna aliyepanda ndege. Nchi za SADC, jumuiya ya kusini mwa Afrika, zilishaanza kutuma pongezi, moja baada ya nyingine. Januari 24 Tshisekedi akaapishwa, na rais mmoja tu wa kigeni alihudhuria, Uhuru Kenyatta. Miaka miwili baadaye, Februari 2021, Tshisekedi huyohuyo akakalia kiti cha uenyekiti wa Umoja wa Afrika.

Nimeanza na kisa hiki kwa sababu kimebeba kila kitu nilichokuja kusema. Ushahidi ulikuwepo, nia ilikuwepo kwa siku tatu, na saa ndiyo iliyoshinda. Nchi za nje huuliza "nani ameshinda?" katika zile siku kati ya kutangazwa na kuapishwa tu. Kiapo kikishapita, swali hubadilika na kuwa "tufanyeje watu watulie?" Na hilo la pili halina habari na kura zenu.

Tazameni urefu wa siku hizo nchi kwa nchi. Kenya, Desemba 30, 2007: Mwai Kibaki alitangazwa jioni na kuapishwa jioni hiyohiyo katika bustani ya Ikulu. Washington ilitoa pongezi kisha ikazirudisha mfukoni, na serikali yetu hapa ilikuwa miongoni mwa za mwanzo kabisa kupongeza. Tanzania, Novemba 1, 2025: Samia Suluhu Hassan alitangazwa kwa asilimia 97.66, akaapishwa Novemba 3, na katiba ya huko hairuhusu mahakama kuchunguza matokeo ya urais. Mwenyekiti wa Kamisheni ya Umoja wa Afrika alishapongeza. Novemba 5 waangalizi wa Umoja huohuo, wakiongozwa na Mokgweetsi Masisi, rais wa zamani wa Botswana, wakasema uchaguzi ule haukufikia viwango vya Umoja. Waangalizi wa SADC nao walishasema Novemba 3 kwamba wananchi hawakuweza kueleza utashi wao. Mkono mmoja wa Umoja wa Afrika umepongeza, mwingine umekosoa, na vyote viwili vimetoka ofisi moja ya Addis. Sikumbuki mara nyingi ripoti ya waangalizi wa Kiafrika ikiwa kali kiasi kile. Lakini ilipotoka, Biblia na Kurani zilikuwa zimesharudishwa kabatini.

Sasa ipimeni Gambia. Yahya Jammeh alishindwa Desemba 1, 2016, akakubali kwa simu mbele ya kamera, kisha Desemba 9 akakana. Lakini muhula wake ulikuwa unaisha Januari 2017. Hapo ECOWAS, jumuiya ya Afrika Magharibi, ilikuwa na wiki kadhaa, na ilizitumia. Ikatuma marais wanne, Ellen Johnson Sirleaf, Muhammadu Buhari, John Mahama na Ernest Bai Koroma. Umoja wa Afrika ukatangaza mapema kwamba kuanzia Januari 19 hautamtambua Jammeh kuwa rais. Adama Barrow akaapishwa siku hiyo ndani ya ubalozi wa Gambia mjini Dakar, Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa likapitisha azimio namba 2337, na majeshi yaliyoongozwa na Senegal yakavuka mpaka. Januari 21 Jammeh akapanda ndege kwenda Guinea ya Ikweta.

Watu hupenda kuitaja Gambia kana kwamba ni dawa ya kila nchi. Angalieni ramani kwanza. Senegal imeizunguka Gambia pande zote isipokuwa baharini, na jeshi la Gambia lilikuwa dogo. Tume ya uchaguzi ya Gambia yenyewe ilisimama kwenye matokeo yake, kwa hiyo hapakuwa na mjadala wa nani kashinda. Ondoeni kimojawapo kati ya hivyo vitatu, kisa kinakuwa kingine kabisa.

Burundi ni hicho kisa kingine. Mwaka 2015 Pierre Nkurunziza alitaka muhula wa tatu, watu wakaingia mitaani Bujumbura, jaribio la mapinduzi la Mei 13 likashindwa wakati marais wa Afrika Mashariki wako Dar es Salaam wakijadili suala lilelile. Desemba 17 Baraza la Amani na Usalama la Umoja wa Afrika likaidhinisha askari 5,000. Burundi ikasema askari hao wakiingia itawahesabu kuwa ni maadui. Kumwingiza mwanajeshi katika nchi bila ridhaa yake kunahitaji theluthi mbili ya wakuu wa nchi chini ya kifungu cha 4(h) cha Sheria ya Kuanzishwa kwa Umoja, na Januari 2016 wakuu hao walipokutana hawakuthubutu hata kulipigia kura. Rais wetu ndiye aliyekuwa msuluhishi wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, na Benjamin Mkapa mwezeshaji. Mazungumzo yalikwenda mpaka yakachoka yenyewe. Kiti kimoja mezani kilikuwa kitupu karibu kila kikao, na usuluhishi hauna namna ya kumkalisha mtu asiyetaka kukaa.

Kwa nini basi Kofi Annan aliweza Kenya? Wengi husema ni jina lake. Mimi nasema ni mpangilio. Alifika Nairobi Januari 22, 2008 akiwa na Graça Machel na Mkapa, na jambo la kwanza alilolisimamia ni kwamba meza iwe moja. Wajumbe wengine wa nje, wakubwa kwa wadogo, wakaombwa wapitishie ujumbe wao kwake, mtu asipate upenyo wa kutafuta msuluhishi anayempenda zaidi. Ajenda akaigawa mafungu manne: kwanza kuzima vurugu, pili msaada kwa waliohama makwao, tatu mgogoro wa kisiasa, nne mizizi ya muda mrefu kama ardhi na katiba. Alianza na yale yanayokubalika kirahisi. Fungu la tatu lilipokwama, wajumbe wa pande mbili wakabaki nje ya mlango: Februari 28 walikaa ndani Annan, Mkapa, Jakaya Kikwete, Kibaki na Raila Odinga, na jioni mkataba ukatiwa saini kwenye ngazi za Harambee House. Watu zaidi ya 1,100 walikuwa wameshakufa.

Na hata hapo, oneni kiapo kilivyofanya kazi yake. Mkataba ule haukusema nani alishinda. Uligawa madaraka, ukaunda cheo cha waziri mkuu. Tume ya Jaji Kriegler iliyochunguza kura baadaye ilisema haiwezekani kujua mshindi, kwa jinsi hesabu zilivyoharibiwa.

(Sisi Waganda tulilipa gharama yetu ya vurugu zile. Reli iling'olewa Kibera, malori yakakwama njiani, na hapa Kampala watu wakapanga foleni na vidumu vya petroli. Asiyejali kura za jirani aulize waliokuwa na bodaboda mwaka 2008.)

Nije kwenye lugha, maana hapa ndipo wanahabari wetu huniumiza kichwa. Tamko la ubalozi linafika saa mbili usiku, na kesho yake gazeti moja linaandika "Wazungu wamkubali mshindi", jingine linaandika "Wazungu wakataa matokeo", na tamko ni lilelile. Matamko haya huandikwa kwa mizani. Kila kitenzi kimebishaniwa.

Ukisoma "tunampongeza" na jina la mtu likafuata, mambo yamekwisha: wamemtambua. Ukisoma "tumepokea taarifa ya matokeo yaliyotangazwa na tume", maana yake tumesikia mlichosema, hatujasema ni kweli. Ukiona "tunawapongeza wananchi kwa kujitokeza kwa wingi na kwa utulivu", na jina la mshindi halimo mahali popote, lihesabu hilo kuwa ni ukimya uliokusudiwa. "Wenye malalamiko wafuate njia za kisheria" maana yake hatutaingilia, nendeni mahakamani. Na "tunazitaka pande zote zijizuie" ndiyo sentensi ninayoichukia kuliko zote, kwa sababu inamweka mwenye bango na mwenye bunduki kwenye benchi moja. Sentensi hiyo hutokea zaidi pale ambapo mwandishi wa tamko hana orodha ya waliopigwa risasi. Akiwa nayo, huandika tofauti. Juni 25, 2024, siku waandamanaji walipoingia Bunge la Kenya, balozi 13 za Magharibi mjini Nairobi zilitoa tamko la pamoja zikisema zimeshtushwa na zikitaja vifo na risasi za moto, na hii ni siku moja tu baada ya Marekani kuipa Kenya hadhi ya mshirika mkuu wa kijeshi nje ya NATO. Picha zilikuwa hewani moja kwa moja. Hakuna aliyeweza kuandika "pande zote" peke yake akaaminika.

Tazameni pia nani ametia saini. Msemaji ni hafifu kuliko balozi, balozi ni hafifu kuliko waziri. Tamko la nchi kumi lina uzito wa jumla lakini maneno yake hulainishwa mpaka mlegevu kuliko wote akubali.

Jambo jingine mlijue ili msisubiri basi ambalo halipiti tena barabara hii. Julai 2025 Wizara ya Mambo ya Nje ya Marekani iliziagiza balozi zake zisitoe maoni juu ya uhuru na haki ya uchaguzi wa nchi nyingine, isipokuwa pale penye maslahi ya wazi ya Marekani. Mwaka 2021 ubalozi wao hapa uliacha kabisa kuangalia uchaguzi baada ya asilimia 75 ya maombi yao ya vibali kukataliwa, na Aprili mwaka ule wakatangaza kuwanyima viza maofisa wa Uganda waliohusika na kuvuruga uchaguzi, bila kutaja majina. Vikwazo vya namna hiyo ni vya siri kisheria: aliyenyimwa anajua, jirani yake hajui. Mtu akiwauliza vilibadilisha nini, jibuni kwa uaminifu: kidogo sana. Uganda ina askari Somalia tangu 2007, na inahifadhi wakimbizi zaidi ya milioni moja na nusu. Kila ofisa wa Brussels au Washington anayeandika rasimu ya tamko kali juu ya Kampala huulizwa na mkubwa wake kuhusu mambo hayo mawili kabla ya kuulizwa kuhusu kura.

Na nguvu ya fedha? Côte d'Ivoire mwaka 2010 na 2011, Laurent Gbagbo alipokataa kutoka, benki kuu ya pamoja ya nchi za Afrika Magharibi ilikataa saini yake kwenye akaunti za serikali, na kakao ikazuiwa bandarini. Mishahara ikawa tabu. Hata hivyo ilichukua vita na watu wapatao 3,000 kuuawa mpaka alipokamatwa Aprili 11, 2011. Sisi benki kuu yetu ni yetu wenyewe, kwa hiyo hata mlango huo haupo.

Waangalizi sasa. Mswahili alisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Waangalizi wa kimataifa huondoka kabla ya siku ya jembe.

Kazi yao huenda hivi. Serikali lazima ialike. Bila barua ya mwaliko hakuna ujumbe. Umoja wa Ulaya hutuma kwanza watu wachache kupima kama inafaa kuja. Ikionekana inafaa, linakuja kundi la wataalamu wa sheria, hesabu za uchaguzi, vyombo vya habari na usalama, kisha waangalizi wa muda mrefu wanaokaa wilayani wawili wawili kwa wiki kadhaa, na mwisho wale wa muda mfupi, wenye fulana na kofia, wanaofika siku chache kabla ya kura. Siku mbili hivi baada ya kura wanatoa taarifa ya awali, na ripoti kamili hufuata miezi kadhaa baadaye. Tatizo liko palepale kwenye zile siku mbili. Taarifa ya awali inaeleza foleni, masanduku, wino na utulivu. Kujumlisha kura, ambako ndiko mambo huharibikia, bado kunaendelea hoteli ilipofanyika mkutano wa wanahabari ikiwa imeshaanza kufungasha viti.

Kenya 2017 ndiyo fundisho. Kura zilipigwa Agosti 8 katika vituo 40,883. John Kerry, Thabo Mbeki, John Mahama na wengine walikuwepo wakiongoza ujumbe wao, na wengi wakasifu. Septemba 1 Mahakama ya Juu ikaufuta uchaguzi kwa majaji wanne dhidi ya wawili, kwa sababu ya namna matokeo yalivyosafirishwa na kwa sababu tume ilikataa kufungua seva zake kama mahakama ilivyoagiza. Waangalizi hawakusema uongo. Walieleza walichokiona, na walichokiona kilikuwa foleni.

Ndiyo maana Umoja wa Ulaya ulipokataa kuja Uganda 2021, ukisema mapendekezo yake ya 2016 hayakutekelezwa, mimi sikuomboleza sana. Kutokuja nako ni tamko, na mara nyingine ni tamko lenye uaminifu zaidi. Lakini kuna gharama yake: taarifa ya mgeni ikikosekana, karatasi ya mwenyeji ndiyo itakayosimama peke yake.

Hiyo karatasi sote tunaijua: ni fomu ya DR, yaani fomu ya kutangaza matokeo ya kituo. Kituo kinafungwa saa kumi jioni, kura zinahesabiwa palepale, msimamizi wa kituo anajaza fomu, mawakala wanatia saini, na kila wakala ana haki ya nakala. Tume ina saa 48 kutangaza rais tangu vituo vifungwe. Vituo vyetu vilikuwa zaidi ya 34,000 mwaka 2021. Basi yote nitakayosema hapa yanategemea kama nakala ile imefika salama au haikufika.

Inaharibika wapi? Kwanza, wakala anasaini fomu tupu saa sita mchana "ili kuokoa muda". Usisaini. Pili, nakala ya kaboni ya tano haisomeki. 3 na 8 zinafanana. Andika hesabu zako pembeni kwa tarakimu na kwa maneno kabla hujaondoka, na msimamizi azione. Tatu, tarakimu imekatwa na kuandikwa upya bila saini pembeni. Hilo ndilo lililoiangusha Malawi, nitalirudia. Nne, wakala ana picha lakini picha imekata kona iliyo na jina la kituo, na picha isiyo na jina la kituo ni picha ya namba tu.

Piga picha hivi. Laza fomu juu ya kitu kigumu, hata kiti cha plastiki, zima mwako wa kamera kwa sababu unang'arisha muhuri mpaka hausomeki. Kona zote nne ziwe ndani. Piga ya pili karibu, kwenye saini na muhuri. Hakikisha tarehe na saa ya simu ni sahihi tangu asubuhi. Unapoituma kwa WhatsApp, itume kama faili, si kama picha. Ukituma kama picha, programu inaikandamiza na kuifuta taarifa iliyojificha ndani yake ya lini na kwa simu gani ilipigwa, na wakili wa upande wa pili ataanzia hapo. Intaneti ikizimwa, kama ilivyozimwa Januari 13 mpaka 18, 2021, kadi ndogo ya kumbukumbu inatembea kwa bodaboda mpaka wilayani. Namba zenyewe zisomwe kwa simu ya kawaida kwa mtu aliyekaa na daftari, asome kisha asomewe tena. Nakala ya karatasi isikae ofisi moja na nakala ya kompyuta. Mwaka 2016, ombi la kupinga matokeo likiwa mahakamani, mawakili wa mlalamikaji walisema ofisi zao zimevunjwa na hati za viapo zimechukuliwa. Mwenye nakala mahali patatu huvunjiwa mahali pamoja.

Kuna na njia ya sampuli, ambayo mashirika ya kiraia ya Zambia, Ghana na Malawi wameizoea. Huhitaji vituo vyote. Unachagua kwa bahati nasibu vituo elfu moja hivi kutoka orodha nzima ya tume, mjini na kijijini kwa uwiano, na kila mwangalizi anatuma tarakimu kwa ujumbe mfupi wenye msimbo. Ukichagua vizuri, jumla yako itakuwa karibu mno na ukweli. Inaharibika pale vituo vinapochaguliwa kwa urahisi wa barabara badala ya bahati nasibu, au waangalizi wa kanda moja wanapofukuzwa, maana hapo sampuli imeinama upande mmoja. Na itangazwe kabla tume haijatangaza, au sambamba nayo. Ukiitoa wiki moja baadaye, utaambiwa umeipika.

Malawi niliwaahidi. Peter Mutharika alitangazwa Mei 27, 2019 kwa asilimia 38.57 dhidi ya 35.41 za Lazarus Chakwera, akaapishwa kesho yake. Kwa kanuni yangu ya kiapo, mambo yangekuwa yamekwisha. Wageni walishaondoka. Lakini wapinzani walikuwa na fomu zilizopakwa rangi nyeupe ya kufutia, ile ya ofisini, na nyingine nakala mbilimbili. Watu wakaandamana mwezi baada ya mwezi, majaji watano wakasikiliza, na Februari 3, 2020 wakaingia mahakamani wamevaa fulana za kuzuia risasi, wakasoma hukumu siku nzima. Uchaguzi ukafutwa. Marudio yakafanyika Juni 23, Chakwera akashinda. Hakuna azimio la Baraza la Usalama, hakuna askari wa kigeni. Jeshi la Malawi lililinda waandamanaji na majaji, na hilo pekee wengi wetu hatuna.

Kwetu, kifungu kigumu ni kile kinachodai kasoro iwe imeathiri matokeo kwa kiasi kikubwa. Mahakama ya Juu ilikubali 2001 na 2006 kwamba kasoro zilikuwepo, ikagawanyika tatu kwa mbili na nne kwa tatu, na ombi likaanguka kwa kukosa hesabu za kuonyesha ukubwa huo. 2016 majaji tisa wote walikuwa upande mmoja. Siku za kufungua ombi sasa ni 15, na mahakama ina siku 45. Mwaka 2021 matokeo yalitangazwa Januari 16, nyumba ya mgombea Bobi Wine kule Magere ikazingirwa na askari mpaka Mahakama Kuu ilipoamuru waondoke Januari 25, na ombi likawasilishwa Februari 1, dirisha likiwa linafungwa. Hesabuni wenyewe siku zilizobaki. Kiapo chetu ni Mei, kwa hiyo kwenye karatasi tuna miezi minne. Kwa vitendo tuna wiki mbili, na mgombea asitegemewe kuwa mtu huru ndani yake. Wakili awe na hati ya uwakilishi iliyosainiwa kabla ya siku ya kura.

Nimalizie na waliouawa na waliokamatwa, kwa sababu maandamano yana karatasi zake nayo. Novemba 18 na 19, 2020 watu wasiopungua 54 waliuawa hapa nchini kwa siku mbili. Ofisi ya Umoja wa Mataifa ya Haki za Binadamu haipokei idadi; inapokea mtu. Jina kamili, umri, mahali hasa, saa, jeraha liko wapi, hospitali gani ilimpokea, na ridhaa ya familia. Wataalamu maalumu wa Geneva unaweza kuwaandikia moja kwa moja, bila kupitia mahakama za hapa kwanza. Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu, iliyoko Banjul, itakuuliza kama umemaliza njia za nyumbani. Video usiikate. Iache ianze na kibao cha duka au jina la barabara, kisha tukio, kisha mazingira tena.

Na kuna mlango wa Arusha ambao Waganda tuliufungua mapema kuliko wengi: kesi ya Katabazi ya 2007, juu ya askari waliozingira Mahakama Kuu, ambapo Mahakama ya Afrika Mashariki ilisema serikali yetu ilivunja utawala wa sheria. Mkazi yeyote wa Jumuiya anaweza kufungua shauri, na hahitaji kumaliza mahakama za nyumbani. Mahakama hiyo haitakupa rais mwingine. Itasema kama mkataba umevunjwa. Kinachowaangusha watu ni muda. Kifungu cha 30(2) cha mkataba wa Jumuiya kinatoa miezi miwili tangu kitendo au tangu ulipokijua, na majaji hawakubali hoja kwamba uvunjaji bado unaendelea. Shauri la mateso ya Mlima Elgon la Kenya lilitupwa kwa sababu hiyohiyo. Aliyekamatwa Januari 14 mwisho wake ni Machi 14, hata kama bado yuko rumande, kwa hiyo ndugu yake ndiye atakayesaini. Masijala ndogo iko hapahapa Kampala, nauli ya Arusha haihitajiki.

Bwana Mwenyekiti, naona mikono imeshainuka kule nyuma. Tuanze na yule binti mwenye daftari.